Mvua ilinyesha mpaka ikafurika, mbona Ruvu umepungua?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naishi Kimara na bomba letu linaletewa maji kutoka Ruvu Juu. Masika mvua ilinyesha mpaka barabara zikakatika, lakini katikati ya mvua hizo hizo tulikosa maji siku kadhaa, tukaambiwa mto una tope. Ilipofika Oktoba ukaanza mgawo, tukaambiwa mto umepungua. Ukijaa shida, ukipungua shida. Maji ya mto huu yanalitosha jiji kweli? Na bwawa la Kidunda litamaliza tatizo, au nijipange kuchimba kisima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukichukua mwaka mzima, Ruvu unapitisha maji mengi kuliko tunayochota. Shida ni kwamba mengi yanakuja kwa mkupuo ndani ya wiki chache za masika, na mpaka leo hatujawa na mahali pa kuyahifadhi kwenye mto wenyewe. Mambo mawili unayoyaona wewe kama yanapingana, tope la Aprili na mgawo wa Oktoba, yana chanzo kimoja, na chanzo hicho kiko milimani, mbali kabisa na Kimara.

Tuanze na hesabu. Mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ulijengwa 1959. Baada ya kupanuliwa, uwezo wake umetoka lita milioni 82 kwa siku hadi lita milioni 196. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ulijengwa 1976, na sasa una uwezo wa lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466 kwa siku, na hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa kabisa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam peke yake, kwa hiyo unaona uzito uliowekwa juu ya mto mmoja.

Lita milioni 466 kwa siku ukizigeuza kuwa mwendo wa mto ni kama mita za ujazo tano na nusu kila sekunde. Ukipita darajani Ruvu, barabara ya Morogoro, wakati masika yamekolea, utakuta maji yametapakaa bondeni kushoto na kulia, mara nyingi zaidi ya kiasi hicho, na karibu yote yanakwenda zake Bahari ya Hindi. Pita hapo hapo mwishoni mwa kiangazi kabla vuli haijaanza, utakuta mto umejikunja katikati ya mchanga. Mitambo yetu huchota moja kwa moja mtoni. Nyuma yake hakuna bwawa la akiba, kwa hiyo mto ukipungua leo, pampu zinalijua hilo leo. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa, uzalishaji ulishuka hadi karibu lita milioni 300 kwa siku, na jiji zima likaingia kwenye mgawo. Hakuna aliyeficha maji siku zile. Mtoni hayakuwemo.

Sasa jiulize: maji machache yanayopita Oktoba yanatoka wapi, wakati mvua haijanyesha kwa miezi? Yanatoka kwenye mvua ya masika iliyozama ardhini kule Uluguru na kujitokeza polepole kwenye chemchemi. Milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, na mteremko wake wa mashariki, unaotazama bahari, hupokea mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka sehemu za juu. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Misitu ya kule juu hunasa hata ukungu, unageuka matone kwenye majani na kigoga na kudondoka chini. Kutoka huko ndiko zinakoanzia Mgeta, Mfizigo na Mvuha, mito inayoungana kufanya Ruvu. Udongo ukiwa na msitu au majani juu yake, mvua huzama. Mteremko ukiwa mtupu, maji yale yale hukimbia juu juu, yakafika Mlandizi ndani ya siku chache yakiwa yamebeba udongo, na hakuna kilichobaki ardhini cha kulisha chemchemi miezi ya kiangazi. Ndiyo maana nasema tope la Aprili na ukame wa Oktoba ni jambo moja. Kila ndoo ya tope inayofika mtamboni ni ushahidi kwamba kuna mahali mvua haikuzama.

Hilo la tope watu wengi hulichukulia kama kisingizio, kwa hiyo nikueleze linavyofanya kazi. Maji ya mto yanapoingia mtamboni huwekewa shabu, ambayo hufanya chembe za udongo zishikane na kuzama. Kiasi cha shabu hubadilika kila mto unapobadilika. Maabara ya mtambo huwa na mashine yenye bika sita za kioo zilizojazwa maji ya mto, kila moja ikiwekewa shabu kidogo kuliko inayofuata. Vikasia huzunguka kwa kasi kwanza, kisha taratibu, kisha vinasimamishwa. Fundi anainama kuangalia. Kwenye bika ya kwanza na ya pili maji yanabaki ya rangi ya udongo. Kwenye ya tatu au ya nne unaona tope linaanza kukatika kama maziwa yaliyoharibika, vipande vinajikusanya na kuzama, na juu yake maji yanabaki meupe. Kipimo cha bika hiyo ndicho kinachopelekwa kwenye mtambo mzima. Siku ya mvua kubwa milimani, kipimo cha asubuhi kinaweza kuwa hakifai tena jioni.

Udongo ukizidi, shabu inayohitajika ni nyingi mno, matangi ya kutuamisha yanajaa tope, na vichujio vya mchanga vinaziba upesi. Kichujio kilichoziba huoshwa kwa kusukumiwa maji safi kinyumenyume, kwa hiyo mtambo unaanza kula maji yake wenyewe. Ikifika hapo, mwendeshaji mwenye akili hupunguza uzalishaji au husimamisha kabisa. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Klorini haiui vizuri vijidudu kwenye maji yenye tope, maana vinajificha ndani ya chembe za udongo na klorini yenyewe inaishia kwenye uchafu. Ni heri ukose maji siku mbili kuliko kupelekewa maji ambayo hayajasafishwa yakionekana kama yamesafishwa.

Kwa hiyo dawa iko Uluguru. Lakini hapa naomba twende kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi sana mtu aliyekaa Dar es Salaam kusema "wakulima wa milimani waache kulima". Serikali ya kikoloni ilijaribu. Miaka ya mwanzo ya 1950 ililazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko kwa nguvu zao wenyewe, kwa amri na kwa faini. Udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, ulifukiwa chini ya udongo mbaya, na mazao yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 wananchi walikataa, ikazuka ghasia, mtu akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Kumbukumbu ya jambo hilo haijafutika, na mtaalamu yeyote anayepanda maeneo ya Matombo au Mgeta kule Uluguru na karatasi ya amri mkononi anapaswa kuijua.

Njia iliyonivutia mimi ilikuja nusu karne baadaye. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi kwenye vijiji vya Kibungo Juu, katika eneo la mto Mfizigo, ambamo watumiaji wa maji huku chini walichangia fedha, na wakulima wa kule juu walilipwa kwa kuhifadhi udongo: matuta yaliyopimwa vizuri, miti ya matunda na ya mbao, majani ya kufunika ardhi, mashamba ya mwinuko mkali kuachwa yarudi kuwa msitu. Miongoni mwa waliolipa walikuwa kampuni iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam wakati huo na kiwanda cha soda. Malipo yalikuwa madogo na eneo lilikuwa dogo ukilinganisha na bonde lote, na mradi ulikuwa na mwisho wake kama miradi yote. Lakini ulionyesha kitu ambacho amri haikuwahi kukionyesha: mkulima akiona tuta linamlipa, kwa fedha na kwa mavuno, analitunza bila kusimamiwa. Naamini kwa dhati kwamba sehemu ya bili yako ya maji ingestahili kupanda mlima kila mwezi kwa utaratibu wa kudumu, bila kusubiri mfadhili. Msitu wa juu kabisa umeshalindwa kama hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Kazi iliyobaki iko chini ya mpaka wa hifadhi, kwenye mashamba ya watu.

Katikati ya mlima na Mlandizi kuna mambo mengine. Mto Ngerengere, ambao nao hushuka Uluguru, hukingwa kwenye bwawa la Mindu kwa ajili ya mji wa Morogoro, kisha unapita mjini, unapokea maji taka ya viwandani na mitaani, na kuingia Ruvu kabla ya mtambo wa Mlandizi. Maana yake ni kwamba Morogoro na Dar es Salaam wanakunywa maji ya mlima mmoja, na kinachomwagwa na mmoja kinamfikia mwenzake. Mabondeni kuna bustani za mboga zinazomwagiliwa kwa pampu ndogo za petroli, na kuna mifugo inayoshuka kunywa na kubomoa kingo. Kila kiangazi kikali utasikia lawama zikielekezwa kwa wafugaji na wakulima hawa. Sheria iko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuweka mto hai, ndipo shughuli za uchumi zifuate, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali na kusimamia. Hata hivyo, kukimbilia kung'oa pampu za watu Oktoba, mto ukiwa tayari umekauka, ni kuchelewa. Vibali vinatakiwa kuhesabiwa Mei, wakati bado kuna kitu cha kugawana, na wahusika waambiwe mapema kiangazi kitawaachia kiasi gani. Kunywesha ng'ombe nako kunataka mabirika yaliyo mbali na ukingo. Mfugaji akipewa birika hana sababu ya kushusha ng'ombe mtoni.

Sasa Kidunda. Bwawa hili linajengwa kwenye Ruvu wenyewe, Morogoro Vijijini, na litakuwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, yaani lita bilioni 190, pamoja na kufua umeme wa megawati 20. Limezungumzwa kwa miongo mingi. Ujenzi ulianza 2023. Ukigawanya lita bilioni 190 kwa lita milioni 466 unapata siku zaidi ya 400. Hesabu hiyo ni ya karatasini, kwa sababu jua litanyonya sehemu ya maji, sehemu lazima iachwe ipite kuulisha mto na mikoko ya mdomoni kule Bagamoyo, na bwawa halitajaa sawasawa kila mwaka. Lakini kiangazi chetu kibaya huwa ni cha wiki au miezi michache. Kwa kusudi hilo bwawa linatosha, na mimi ni miongoni mwa wanaosubiri kwa hamu lijazwe.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa uyajue kabla hujalitegemea moja kwa moja. La kwanza, hakuna bomba kutoka Kidunda hadi Mlandizi. Maji yatafunguliwa bwawani na kusafiri mtoni, yakipita kwenye hizo hizo pampu, kingo na mashamba niliyoyataja. Usimamizi wa mto ukilegea, akiba itatoka bwawani na kuishia njiani. La pili, udongo wa Uluguru hautakoma kushuka kwa sababu tumejenga ukuta. Utatua ndani ya bwawa. Mwanzoni hilo litasaidia, kwa sababu maji yatakayotoka yatakuwa na tope pungufu, ingawa mto Ngerengere utaendelea kuleta la kwake. Baadaye udongo utaanza kula nafasi ya maji. Bwawa ambalo mlima wake haukutunzwa hupungua mwaka hadi mwaka bila mtu kuliona kutoka juu. Fedha ya kulijenga na fedha ya kutunza miteremko zingetakiwa kuwa kwenye bajeti moja.

Kisha kuna upotevu, ambao haupendezi kuzungumzwa kwa sababu hauna jiwe la msingi la kuzindua. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi moja ya maji yanayotoka kwenye mitambo ya Dar es Salaam haijalipiwa: yanavuja kwenye mabomba ya zamani, yanaibwa, au yanapita kwenye mita zisizosoma. Theluthi ya lita milioni 466 ni lita zaidi ya milioni 150 kwa siku, zikiwa zimeshasukumwa kwa umeme, zimeshawekewa shabu na klorini. Kupata kiasi hicho kwa kuziba mabomba ni kazi ya kuchosha, mtaa kwa mtaa, mita kwa mita. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua jambo moja la kufanya kesho asubuhi, ningelichagua hilo, kwa sababu halisubiri mvua wala mkandarasi mkubwa.

Kuhusu mtaa wako. Maji ya Ruvu Juu yanasukumwa kutoka Mlandizi kupitia Kibaha na Kibamba hadi matangi ya Kimara. Mgawo unapoisha, mabomba hujaa kwanza kwenye sehemu za chini na zilizo karibu na bomba kubwa. Nyumba za juu na za mwisho wa laini hupata baadaye, pengine usiku wa manane, wakati wengine wamefunga. Kwa hiyo jirani wa bondeni kupata maji siku moja kabla yako hakumaanishi kwamba amependelewa.

Maji yanaporudi baada ya kukatika, usiyaingize kwenye simtanki mara moja. Bomba lililokaa tupu hunyonya uchafu kupitia kila tundu, na mengi ya matundu hayo yamepakana na mifereji na mashimo ya vyoo. Yaache ya kwanza yamwagike kwenye ndoo za kufulia na kudekia mpaka yawe meupe, ndipo ujaze tangi. Ya kunywa chemsha. Ukiwa na pampu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kufyonza, iondoe. Inavuta maji ya jirani, na pamoja nayo inavuta maji taka kuingia kwenye bomba mnalolitumia wote. Mvujo barabarani mpigie simu mamlaka ya maji, upewe namba ya taarifa, na uifuatilie.

Kisima je? Kwa Kimara nisingeharakisha. Uko mwinukoni, maji yanaweza kuwa mbali chini, na gharama ya kuchimba hulipwa hata maji yasipopatikana. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali cha Bodi ya Bonde, na mchimbaji awe na leseni. Anza na upimaji wa ardhi kabla ya kumlipa yeyote wa kuchimba. Maji yakipatikana, yapeleke maabara yapimwe chumvi, naitreti na bakteria, kwa sababu mitaa yetu imejaa mashimo ya vyoo, na yaliyomo humo hayabaki humo. Kwenye ukanda wa pwani kuna hatari nyingine: kila kaya ikichimba na kuvuta bila kipimo, maji ya bahari husogea chini kwa chini, na kisima kilichokuwa kitamu kinakuwa cha chumvi. Visima virefu vinavyosimamiwa kwa pamoja ni jambo tofauti. Vile vya Kigamboni, vilivyoanza kazi mwishoni mwa 2022 vikiwa na uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, vimeupunguzia Ruvu mzigo, na serikali imesema inatazama pia maji ya Rufiji kwa miaka ijayo.

Kama unayo fedha ya kisima sasa hivi, ushauri wangu ni huu: sehemu ndogo ya fedha hiyo itumie kununua tangi la pili lenye mfuniko unaobana, na mifereji ya bati ya kukinga mvua ya paa. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, usiikinge. Lita elfu tano zilizokingwa kwenye masika zitakufulia na kukusafishia vyombo katika wiki ambazo mtambo umesimama kwa tope, na familia ya watu watano ikijibana kwa lita ishirini kila mtu kwa siku, ni siku hamsini. Nyumba moja ikifanya hivyo Ruvu hautaona tofauti. Kimara nzima ikifanya, foleni ya maboza itapungua, na maji ya bomba yaliyopo yatafika mbali zaidi mlimani kwenu.